Panya Amepona, Mtoto Bado

Haipiti miezi mingi kabla habari ileile haijarudi kwenye simu za wazazi. Safari hii imetoka Marekani, safari nyingine Uswisi au Japani, lakini kichwa chake hakibadiliki: wanasayansi wamepata tiba ya usonji. Inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, watu wanaitikia amina, na kabla ya jioni keshatokea mmoja anayeuliza kama dawa hiyo imeshafika Kariakoo. Mwenye subira ya kusoma hadi aya ya sita au ya saba ndiye anayekutana na neno ambalo mwandishi alilisukumia chini: panya. Waliopata nafuu ni panya wa maabara, waliozimwa jeni moja tangu kutungwa mimba na kisha kudungwa dawa.

Msimamo wangu ni huu. Panya ni shahidi mzuri wa jambo moja, nalo ni namna jeni au kemikali fulani inavyofanya kazi ndani ya seli za ubongo. Hakushuhudia jingine. Hawezi kutuambia kama mtoto atasema, kama atalala usiku, kama ataweza kukaa darasani na wenzake. Kumfukuza shahidi huyu mahakamani ni kupoteza ushahidi wa maana. Kumlazimisha aseme asiyoyaona ni udanganyifu, hata unapofanywa kwa nia njema. Na gharama ya udanganyifu huo hailipwi na maabara. Inalipwa na familia inayouza kiwanja ili kununua tumaini, maana mfa maji haachi kutapatapa.

Gololi ishirini juu ya maranda

Usonji hauna kipimo cha damu, wala hausomeki kwenye picha ya ubongo. Daktari huutambua kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mama yake. Je, akiitwa jina anageuka? Akitaka kitu anakionyesha kwa kidole, au anauvuta mkono wa mtu mzima? Anacheza na wenzake, au anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja asubuhi nzima na kulia vikisogezwa? Sasa jiulize: maswali kama haya utamuulizaje panya?

Watafiti walibuni njia zao. Iliyozoeleka zaidi ni sanduku lenye vyumba vitatu. Panya anayepimwa huwekwa chumba cha kati. Upande mmoja kuna kizimba cha waya chenye panya mgeni, upande wa pili kizimba kama hicho kisicho na kitu. Milango inafunguliwa na saa inaanza kuhesabu. Akikaa zaidi upande wa mgeni anahesabiwa kuwa anapenda wenzake. Akikaa sawa pande zote mbili anasemwa ana dalili inayofanana na usonji. Kwa tabia ya kurudiarudia kuna jaribio la gololi: sanduku linajazwa maranda laini, juu yake zinapangwa gololi 20 kwa mistari, panya anaachwa humo nusu saa, kisha mtu anahesabu ngapi zimefukiwa. Wengine hupima muda ambao panya anatumia kujilamba na kujisugua manyoya. Panya walioharibiwa jeni inayoitwa SHANK3, ambao watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliwatangaza mwaka 2011, walikuwa wakijisugua hadi wanapata vidonda usoni.

Vipimo hivi si vya kuchekwa. Jeni ya SHANK3 ikiharibika kwa binadamu huleta ulemavu wa akili na mara nyingi usonji, na kuona kwamba inavuruga mawasiliano ya seli za neva kwa panya ni jambo la thamani. Lakini panya anayefukia gololi huenda anafanya kile panya wote hufanya wakiwekwa juu ya maranda, yaani kuchimba. Dunia yake ni ya harufu. Yetu ni ya macho na maneno, na usonji unagusa hapohapo kwenye maneno, ambayo panya hana. Ana milio, ndiyo; kinda aliyetengwa na mama yake hulia kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliisikii. Hiyo haijawa lugha. Ubongo wake una seli za neva zinazokadiriwa kuwa milioni 70, wetu bilioni 86.

Kuna tatizo jingine ambalo magazeti hayalitaji kabisa. Mwaka 1999 maabara tatu, mbili za Marekani katika miji ya Albany na Portland, na moja ya Edmonton nchini Kanada, ziliamua kupima panya wa koo zilezile kwa vifaa vilevile na utaratibu uleule. Zilijitahidi kufananisha kila kitu zilichoweza kufikiria. Hata hivyo, kwenye baadhi ya vipimo majibu yalitofautiana kati ya maabara na maabara. Miaka 15 baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakaonyesha kwamba panya hupata msongo akishikwa na mtafiti mwanamume, na kwamba hata fulana iliyovaliwa na mwanamume ikiwekwa karibu naye inatosha kubadili namna anavyoonyesha maumivu. Sasa ikiwa harufu ya fulana inaweza kuyumbisha jibu, mzazi anayeambiwa kwamba panya kadhaa "wamekuwa wachangamfu" baada ya sindano ana haki ya kuuliza mengi kabla ya kufungua pochi.

Alichotuonyesha panya kwa kweli

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuchukue ugonjwa wa Rett, ambao huwapata zaidi wasichana. Mtoto huzaliwa vizuri, hukua, huanza kushika vitu na kutamka maneno machache, kisha kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu anaanza kurudi nyuma. Maneno yanapotea, mikono iliyokuwa ikishika kijiko inasuguana bila kukoma, pumzi inakwenda ovyo, wengi wanapata kifafa. Mwaka 1999 timu ya Huda Zoghbi, daktari mzaliwa wa Beirut anayefanya utafiti Houston, Marekani, ilionyesha kwamba chanzo ni kasoro kwenye jeni moja, MECP2.

Hapo ndipo panya walipofanya kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya. Mwaka 2004 maabara ya Zoghbi ilitengeneza panya wenye kiasi maradufu cha protini ya jeni hiyo. Nao wakaugua. Mwaka uliofuata madaktari wakaeleza ugonjwa wa wavulana waliozaliwa na nakala ya ziada ya jeni hiyohiyo. Kwa hiyo panya alikuwa ametangulia kuonyesha kwamba ikizidi ni hatari kama inapopungua, onyo ambalo leo kila anayejaribu kutibu Rett kwa kupandikiza jeni analazimika kulizingatia. Kisha mwaka 2007, Edinburgh, timu ya mtafiti Adrian Bird iliwafanya panya wazaliwe na jeni hiyo imezimwa, ikawaacha waugue hasa, halafu ikaiwasha tena. Panya waliokuwa wakikaribia kufa wakarudi kutembea na kupumua vizuri. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba ubongo wa namna hiyo umeshaharibika na haurudi. Panya wa Edinburgh waliithibitisha hoja moja kubwa: seli hazijafa, zinasubiri.

Ila tazama kilichofuata. Swichi ile waliyowasha iliwekwa kwenye vinasaba vya panya kabla hajazaliwa. Mtoto hana swichi kama hiyo. Ilichukua hadi Machi 2023 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya Rett, iitwayo trofinetide, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka miwili. Asili yake ni kipande cha protini ya ukuaji ambacho nacho kilipitia kwa panya. Inapunguza baadhi ya dalili, haiponyi, na wengi wanaoitumia huharisha. Kutoka kugundua jeni hadi kupata dawa ya kupunguza dalili ni miaka 24, na huu ni ugonjwa wenye jeni moja inayojulikana. Usonji kwa jumla unahusishwa na jeni zaidi ya 100, nyingi zikichangia kidogo kidogo.

Pale shahidi alipoulizwa zaidi ya alichokiona

Mfano unaouma zaidi ni wa ugonjwa wa kurithi unaotokana na udhaifu wa kromosomu X, mojawapo ya vyanzo vikuu vya ulemavu wa akili wa kurithi na vya usonji wenye jeni inayofahamika. Jeni yake, FMR1, ilipatikana mwaka 1991. Panya asiye na jeni hiyo akatengenezwa mwaka 1994. Mwaka 2004 mtafiti Mark Bear na wenzake wakatoa nadharia safi: jeni ikikosekana, kipokezi kimoja kwenye maungio ya seli za neva, kiitwacho mGluR5, kinafanya kazi bila breki. Mwaka 2007 wakaonyesha kwamba ukipunguza kipokezi hicho kwa nusu, kasoro nyingi za panya zinarekebika. Maabara nyingine zikapata majibu yanayoelekea hukohuko. Ilikuwa sayansi nzuri, na sikusudii kuibeza.

Kampuni za Novartis na Roche zikaingia kwa fedha nyingi, kila moja na dawa yake ya kutuliza kipokezi hicho. Wazazi wakawaleta vijana wao, wengine wakisafiri majimbo mazima kufika kliniki. Matokeo yalipofunguliwa, waliopewa dawa hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na mwaka 2014 Novartis ikaachana na mpango wake. Roche nayo haikufika mbali. Mengine yalifuata. Dawa ya mkojo iitwayo bumetanidi, iliyokuwa imerekebisha ubongo wa panya wa aina mbili tofauti, ilishindwa kwenye majaribio makubwa ya watoto yaliyosimamishwa mwaka 2021. Mwaka huohuo majaribio ya oksitosini ya kupulizia puani, kwa watoto na vijana 290 nchini Marekani, yalionyesha kwamba haikuzidi dawa bandia, ijapokuwa homoni hiyo ilikuwa imesifiwa miaka mingi kwa jinsi inavyowavuta panya kwa wenzao.

Kwa nini? Panya wa ukoo mmoja wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu hadi wamekaribia kuwa pacha wote. Watoto wawili wenye usonji huweza wasifanane kwa lolote. Panya mara nyingi hutibiwa akiwa mchanga, vijana wa majaribio walitibiwa wakiwa na miaka 12, 20, hata 40. Lakini lipo jambo moja ambalo naliona zito kuliko yote. Kwenye majaribio ya kromosomu X, wazazi walioulizwa kuhusu watoto wao waliona mabadiliko hata pale mtoto alipokuwa akimeza kidonge kitupu. Hawakudanganya. Mama anayesubiri ishara huiona, na matumaini yake humfanya azungumze zaidi na mtoto, naye mtoto akaitikia. Panya hana mama wa kujaza dodoso. Tofauti hiyo haionekani popote kwenye maabara, na ndiyo inayoamua kama dawa itathibitika au itaanguka.

Wanaosema tuwaache panya kabisa

Baada ya maanguko hayo wapo wanaosema biashara hii ya panya ifungwe, kwamba ni ukatili kwa wanyama na ni ubadhirifu. Hoja ya ukatili ina uzito: mnyama anayezalishwa ili augue anadai sababu nzuri, na utafiti mwingi mdogomdogo wenye panya wanane hapa na kumi pale hauna sababu hiyo. Lakini mbadala unaotajwa sana, yaani vijibonge vya seli za ubongo wa binadamu vinavyooteshwa kwenye chupa, bado haujasimama peke yake. Watafiti wa Stanford walipotaka seli hizo zikomae na kuunganika, mwaka 2022 walizipandikiza kwenye ubongo wa vitoto vya panya. Umemkwepa panya mlangoni, umemkuta sebuleni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wengine, na hawa wengi wao wana usonji wenyewe, wanauliza kwa nini itafutwe tiba ya kitu ambacho si ugonjwa. Wana haki, na maabara zingefanya vyema kuwasikiliza kabla ya kuamua kwamba panya asiyejali mgeni "ameharibika". Kupenda upweke hakudai dawa. Ila mtoto anayepigwa na kifafa kila siku, au asiyelala zaidi ya saa tatu, au anayejigonga kichwa ukutani, anahitaji msaada wa tabibu, na mizizi ya kifafa chake inaweza kabisa kuchunguzwa kwa panya. Panya anaweza kuulizwa kuhusu kifafa. Hawezi kuulizwa maisha mema ni yapi.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini kwenye ofisi za vyuo: kwamba bila vichwa vya habari vinavyong'aa fedha za utafiti hazipatikani. Sina huruma na hoja hii. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wa shirika la APOPO wamefundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Sampuli ambayo panya ameitilia shaka hurudishwa maabara ikathibitishwe, na ndipo mgonjwa anapoambiwa. Panya anaonyesha, kipimo cha binadamu kinaamua. Utaratibu huo haukulizuia shirika hilo kupata fedha wala heshima duniani.

Mtoto wa Kilifi si mtoto wa London

Msomaji anaweza kuona haya yote ni mambo ya watu wenye maabara za mamilioni. Yanatuhusu, tena kwa namna ambayo hata baadhi ya wakubwa wa afya hawaizingatii. Kuna hatua ya pili baada ya panya, nayo ni kutoka kwa binadamu wa nchi moja kwenda kwa binadamu wa nchi nyingine. Mtoto anayechelewa kulia baada ya kuzaliwa, ubongo ukakosa hewa, yuko hatarini kupata kifafa, mtindio wa ubongo na matatizo ya kujifunza. Katika panya na wanyama wengine, kuupoza mwili wa kichanga kwa saa kadhaa kuliokoa ubongo. Majaribio kwa watoto wa nchi tajiri yakathibitisha, na matibabu hayo yakawa ya kawaida huko. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya majaribio ya hospitali saba za India, Sri Lanka na Bangladesh, yenye vichanga 408. Kupoza hakukuokoa ubongo. Waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Hospitali ya Afrika Mashariki ambayo ingenunua mashine za kupoza kwa kuamini panya na London ingekuwa imeagiza vifo.

Ndiyo maana kazi inayofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, ina maana kubwa kuliko inavyoandikwa. Huko watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakifuatilia kifafa, matokeo ya malaria kali kwenye ubongo na matatizo ya ukuaji wa watoto kwa miaka mingi, na kupitia mradi wa NeuroDev, pamoja na wenzao wa Cape Town, wanachunguza vinasaba vya watoto wa Kiafrika wenye matatizo hayo, wakiwemo wenye usonji. Orodha za jeni za usonji zinazotumika kutengeneza panya leo zimetokana kwa sehemu kubwa na familia zenye asili ya Ulaya. Jeni ambayo haijawahi kutafutwa kwa watoto wetu haiwezi kuzimwa kwenye panya wa mtu yeyote, na dawa itakayotokana na panya huyo haitakuwa na taarifa zetu ndani yake. Serikali za kanda hii zikitaka kuchangia sayansi ya usonji hazihitaji kuanza na nyumba ya panya. Zianze na kliniki zinazomtambua mtoto mapema na kutunza kumbukumbu zake.

Dawa moja iliyomo majumbani

Kuna upande mmoja ambapo ushahidi ulisafiri kinyume, kutoka kwa watu kwenda kwa panya, na hapo ndipo penye faida ya leo, si ya miaka 20 ijayo. Valproeti ni dawa ya kifafa inayotumika sana. Madaktari waliona madhara yake kwanza kwa watoto wa akina mama walioitumia wakiwa wajawazito. Kisha miaka ya 1990 ikajaribiwa kwa panya wajawazito na makinda yao yakaonyesha mabadiliko ya ubongo. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipitia rekodi za watoto zaidi ya 650,000: kati ya waliopata dawa hiyo tumboni, karibu asilimia 4.4 walikuwa na usonji wa aina mbalimbali, wakati kwa watoto wote ilikuwa asilimia 1.5. Watu walionyesha kwamba hatari ipo, panya wakasaidia kueleza inavyofanya kazi. Kila shahidi alisema alichokiona.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba dawa hiyo isitumike kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwenye zahanati nyingi, ambako dawa za kifafa ni chache na mgonjwa hupewa iliyopo, si rahisi kulitekeleza agizo hilo, na hilo ni jukumu la wizara kununua dawa mbadala, si la mgonjwa kulibeba peke yake. Mwanamke anayetumia valproeti asiiache ghafla kwa sababu ya makala hii, kwa kuwa kifafa kisichodhibitiwa nacho huua. Aende kliniki na boksi la dawa mkononi, kabla ya kupata mimba, aulize kama ipo nyingine inayomfaa.